Nyasi Hazibebi Mizigo

Darasani kwake kulikuwa na methali moja iliyopigwa marufuku, ile ya wapiganapo tembo nyasi huumia. Mwanafunzi aliyeitamka alisimamishwa, na Mwalimu akamuuliza swali lile lile kila mara, kwa sauti ya chini kama mtu anayemwomba jirani chumvi: "Wewe ni nyasi?" Ukijibu hapana, alikuambia ukae. Ukinyamaza, ulisimama mpaka jibu lipatikane. "Nyasi hazibebi mizigo," alikuwa akisema. "Nyasi hazina majina. Watu wanayo."

Alitufundisha Historia darasa la sita, katika shule moja ya msingi hapa Makole, enzi zile Dodoma ikiitwa makao makuu redioni huku serikali yenyewe ikiendelea kukaa pwani. Leo serikali imehamia, na mimi nimekuwa mchora mabango. Nimeandika saluni, maduka ya dawa, makanisa na gereji za mji huu mpaka siwezi kupita mtaa bila kukutana na mkono wangu. Mkono huo ulifunguliwa na yeye. Ndiye aliyenichagua niwe mwandishi wa ubaoni, akisema mwandiko wangu una adabu kuliko mimi mwenyewe.

Tulimwita Mwalimu, basi. Walimu walikuwa kumi na mmoja, lakini mtu akisema "Mwalimu anakuja" hakuna aliyeuliza yupi. Jina lake sitaliandika hapa, na sababu nitaitoa mwishoni. Alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyeolewa Dodoma, mrefu, mkavu, mwenye mtandio usioteleza hata kwa upepo wa mwezi wa nane. Kipande cha chaki alikifunga kwenye pindo la khanga, mahali wenzake wanapofunga noti. Asubuhi alituamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa lafudhi ya milima ya kwao, nasi watoto wa Kigogo tukacheka. Hakujali. Alisema mgeni asiyechekwa hajakaribishwa bado.

Ubao wake ulikuwa na mstari mmoja katikati, kutoka juu mpaka chini. Kushoto aliandika Waliotawala. Kulia, Waliokuwepo. Mwaka wowote tuliousoma, wa Wadachi, kama wazee walivyowaita Wajerumani, au wa Waingereza, ulipaswa kujazwa pande zote mbili. Kushoto kulijaa haraka kwa sababu kitabu kilikuwa na magavana na majenerali wa kutosha. Kulia palibaki peupe. Hapo Mwalimu aligeuka, akatutazama, akauliza: "Haya, hawa walimtawala nani? Mawe?"

Mwaka alioushikilia kuliko yote ulikuwa 1916. Siwezi kusema aliupenda. Aliurudia kama ulimi unavyorudia jino bovu. Mwaka ule Dodoma ilianza ikiwa ya Wadachi ikamaliza ikiwa ya Waingereza. Mwezi wa nne Kondoa ilitekwa, mwezi wa saba ikawa zamu ya Dodoma, na majeshi mawili yakala uwele na ng'ombe wa watu wale wale, yakawabebesha mizigo wanaume wale wale. Nyuma yake ikaja njaa kubwa ambayo wazee wa Kigogo wanaiita Mtunya hadi leo. Kitabu chetu kiliupa mwaka ule mistari mitatu. Mwalimu aliupa muhula mzima, na masomo yaliyobaki akayatafutia Jumamosi.

Kosa la kwanza lilikuwa lake, na alilikiri mbele yetu. Alituagiza nyumbani tukaulize nani wa kwetu alikuwepo mwaka 1916 na alifanya nini. Jumatatu tulirudi mikono mitupu, darasa zima. Mimi nilikuwa nimemuuliza bibi yangu wa Hombolo, mama mzaa baba, akiwa anapepeta uwele. Aliniangalia kwa huruma. "Hiyo namba ni ya nani?" akaniuliza. Wazee wetu hawakuwa na miaka ya namba. Mwaka uliitwa kwa kilichouma: mwaka wa nzige, mwaka ng'ombe walipokufa, mwaka mvua ilipokuja mara moja ikaona haya kurudi. Ukimtajia mzee tarakimu nne ni kama umemsomea hati ya polisi.

Mwalimu alicheka, jambo la nadra. "Nimewatuma na lugha ya bomani," alisema. Akatufundisha kuuliza upya. Kabla ya njaa ile, babu fulani alikuwa ameshatahiriwa? Alikuwa na watoto wangapi? Siku waliyomchukua, mtama ulikuwa umefika wapi? Hapo wazee wakafunguka. Mwenzetu mmoja alileta habari za babu yake aliyepigana Burma, akazisoma kwa majivuno. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Huyo ni wa vita vya baadaye," alisema. "Mheshimuni, ila mkalisheni pembeni, asije akala zamu ya mwenzake."

Bibi yangu aliposikia swali la mtama, aliweka ungo chini. "Ulikuwa magotini," alisema. "Walimchukua baba mkwe wangu, Malogo, akiwa palizini. Wakamtwika gunia la unga la Wadachi, apeleke Kondoa. Akarudi tumeshavuna, utosi umechunika. Amelala siku tatu. Siku ya nne wakaja wenye kofia nyingine, wakamtwika sanduku la Waingereza, apeleke Mpwapwa. Huko hakurudi." Akaokota ungo wake, akapepeta kidogo, kisha akaongeza kwamba mkwewe wa kike aliendelea kumtengea Malogo chakula mpaka chakula chenyewe kikaisha ndani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa sijawahi kusikia jina hilo nyumbani kwetu.

Mwalimu aliliingiza kwenye daftari lake la jalada gumu. Kila darasa lililopita mikononi mwake lilimwongezea majina, na alipostaafu yalikuwa sitini na mawili, kila jina na kijiji chake, na mzigo wake pale ilipojulikana.

Mkaidi, kweli alikuwa mkaidi, na ukaidi wake tuliurithi kabla hatujajua bei yake. Kwenye mtihani mmoja wa majaribio lilikuja swali: nani alikuwa mtawala wa Tanganyika mwaka 1916? Chini yake majibu manne, uchague moja. Darasa letu halikuchagua. Watoto thelathini na wanane tuliandika pembeni, kila mmoja kwa maneno yake, tukiuliza kama ni kabla ya mwezi wa saba au baada, na kueleza kwamba nchi ilikuwa haijaitwa Tanganyika bado. Tulikosa alama sote. Mwalimu akaitwa ofisini kwa wakubwa wake, akarudi mchana, akavua viatu, akaketi juu ya meza, jambo ambalo sisi tungechapwa kwalo. "Wameniuliza kwa nini watoto wangu wanabishana na mtihani," alisema. "Nimewaambia mtihani ndio ulioanza."

Msidhani alikuwa malaika. Mwanamke huyu aliyetufundisha tusimwogope mtawala yeyote alitutawala kwa fimbo ya mkole, na hakuna gavana aliyewahi kuitisha kimya kama chake. Jioni alisikiliza habari za redio ya Waingereza bila kukosa, na ole wako umsemeshe. Tukimwuliza, alijibu kwamba adui yako ndiye mtu wa kumsikiliza vizuri. Kuna siku mtu aliandika kwa mkaa kwenye mlango wa choo: Waliotawala, Mwalimu. Waliokuwepo, sisi. Shule nzima ilisubiri damu. Mwalimu alikwenda, akasoma, akafungua pindo la khanga, akatoa chaki, akasahihisha. Alitoa nane juu ya kumi. Chini yake akaandika: Majina yako wapi?

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakukivumilia, nacho ni filimbi. Mwalimu wa michezo alijifunza kuificha. Ikilia uwanjani, yeye aliacha alichokuwa akifanya na kuingia ndani, afunge na dirisha. Mara moja alimpokonya mtoto filimbi ya plastiki na kuitumbukiza chooni, bila hasira, kama mtu anayetupa maganda. Sisi tuliamua kwamba ana ugonjwa wa masikio.

Na kuna siku niliyomshinda, au nilidhani nimemshinda. Alikuwa akijaza upande wa kulia, kila mmoja wetu akisimama na kutaja wa kwao. Zamu yangu ilipopita nilibaki nimesimama. "Mwalimu," nikauliza, "na babu yako wewe, mwaka ule alikuwa wapi?" Aliendelea kuandika herufi mbili tatu, kisha mkono ukasimama. Akafunga chaki kwenye khanga. "Kaa chini," akasema. Kengele ilikuwa bado, lakini alitoka, na ubao ukabaki nusu. Nilisubiri fimbo wiki nzima. Haikuja, na kutokuja kwake kukanitisha kuliko kuja.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikazaa, nikajifunza kupanda ngazi na makopo mawili mkono mmoja. Mwalimu nilikuwa nikimwona sokoni au msibani. Shikamoo, marahaba, halafu ananiuliza nimekosea bango gani safari hii, maana alikuwa akiyasoma yote. Kisha akaacha kuuliza. Macho yake yalikuwa yanaingiwa na ukungu, na daktari alimwambia wazi kwamba hayatarudi.

Mwaka juzi kamati ya shule yetu ile ile iliamua kila ukuta wa darasa uchorwe mwaka mmoja wa historia. Ukuta wa nje wa darasa la sita ukapewa 1916, na kazi nikapewa mimi. Mwenyekiti wa kamati, mtu mstaarabu mwenye haraka, alinikabidhi karatasi iliyochapwa. Juu: Watawala na Matukio Muhimu ya Mwaka 1916. Chini yake majina manne ya Wazungu na matukio matatu. Mwisho kabisa: mandhari ya nyuma ichorwe inavyofaa.

Mwalimu alisikia. Alifika kwenye kikao bila kualikwa, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike, daftari kwapani. Nusu ya wajumbe walikuwa wanafunzi wake, na walisimama wote kabla hawajajua wamesimama.

"Shikamoo Mwalimu," mwenyekiti alisema. "Tunakuheshimu sana, mama yetu. Lakini majina sitini na mawili? Mtihani hauyaulizi haya."

"Najua mtihani hauulizi," alijibu. "Tulishakosana naye."

"Na hizi ni familia tunazoishi nazo. Kesho mtu atakuja kuuliza mbona wa kwake hayupo."

"Akiuliza, mwandikeni."

"Ukuta utajaa, mama."

"Umejengwa ukae mtupu?"

Mwenyekiti alipangusa uso. Alikuwa mtu wa Iringa, hakusoma kwetu, kwa hiyo simlaumu kwa kilichofuata. "Mama, hawa walikuwa raia wa kawaida tu. Si unajua, wapiganapo tembo..."

Wajumbe waliinamisha vichwa kama darasa. "Malizia," Mwalimu alimwambia kwa upole. Hakumalizia. Lakini karatasi nayo haikubadilika, kwa sababu ilikuwa imeshapigwa muhuri, na muhuri una ubishi wake. Mwalimu aliinuka, akanitafuta kwa mkono, akaniwekea daftari mapajani. "Wewe ndiye mwenye brashi," alisema. "Mimi macho yananiaga. Nikiondoka na majina haya, yamekwenda. Nataka yakae mahali ambapo hayanihitaji."

Siku mbili sikugusa rangi. Niliogopa, niseme ukweli. Mji huu ni mdogo kwa mchora mabango anayejulikana kwa kubishana na wenye kazi, na kuta sita zilizobaki zilikuwa zinangoja neno la mwenyekiti. Siku ya tatu niliisoma karatasi tena, taratibu, kama alivyotufundisha kusoma swali kabla ya kulijibu. Ilisema niandike nini. Haikusema herufi ziwe na ukubwa gani. Na mandhari ya nyuma ichorwe inavyofaa.

Basi nikafanya inavyofaa. Watawala wanne na matukio yao matatu niliwaandika kushoto, karibu na mlango, kwa herufi safi za ukubwa wa kiberiti, hakuna nukta iliyokosekana. Kisha nikachora mandhari. Kutoka mlangoni mpaka dirisha la mwisho nilichora msafara wa watu sitini na wawili juu ya udongo wetu mwekundu, katikati ya migunga, kila mtu na mzigo kichwani. Na juu ya kila mzigo, kwa herufi ambazo unazisoma ukiwa barabarani, nikaandika jina la aliyeubeba. Malogo wa Hombolo nilimpa sanduku. Utosi sikuuonyesha.

Mwenyekiti alikuja nikiwa kwenye jina la hamsini. Alisimama muda mrefu. "Nilikwambia mandhari," alisema.

"Ndiyo mandhari ya mwaka ule, Mwenyekiti. Mbele yao walipita hao wanne."

Alikuwa anaikunjua karatasi yake wakati mzee mmoja aliyekuja kutoka Mlali kumtembelea mwanawe aliposhuka kwenye baiskeli upande wa pili wa uzio. Alisoma ukuta kwa midomo, polepole, akafika kwenye mzigo mmoja, akavua kofia. "Huyu ni wetu," akasema, hakutuambia sisi hasa. Wazazi wengine wakasogea. Mwalimu Mkuu naye akatoka ofisini, akamtazama mwenyekiti, akautazama ukuta. "Rangi imeshakauka," alisema, ingawa ya jina la hamsini ilikuwa bado mbichi. Habari ya kuufuta ukuta kwa chokaa haikutajwa kabisa.

Mwalimu alikuja Alhamisi moja asubuhi na mjukuu wake yule, fimbo ya kutembelea mkononi, watoto wakiwa madarasani. Nilimpigia magoti, shikamoo. "Marahaba. Nisomee," akasema.

Nilimshika mkono nikamtembeza kutoka mlangoni mpaka dirishani, nikisoma jina moja moja. Alipapasa kila mzigo, na mara mbili alinisimamisha kusahihisha kijiji. Tulipomaliza nilitegemea atafurahi, na nadhani alifurahi, maana alikuwa anapumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima. Kisha akasema, "Turudi mwanzo. Nisomee wa kushoto."

Nikamsomea wale wanne.

"Hawajatimia," alisema. "Ongeza wa tano."

Akanitajia jina. Nikadhani sikusikia, akalirudia, na ukoo. Ulikuwa ukoo wake.

"Babu mzaa baba," alisema. "Alikuwa mnyapara wa wapagazi njia ya Kondoa. Yeye ndiye aliyepita vijijini kuwakusanya. Alikuwa na filimbi ya shaba. Akipuliza, mwenye mzigo ananyanyuka, na asiyenyanyuka anapigwa. Waingereza walipokuja alikwenda kuwasalimia kabla vumbi halijatua, wakampa kazi ile ile. Bendera ilibadilika, filimbi ikabaki ile ile. Mimi nimeichezea nikiwa mtoto, alikuwa ananipa nipulize."

Nilitazama daftari, kisha nikamtazama yeye. "Mwalimu, watu watajua ni wa kwenu. Wajukuu zako wanasoma hapa."

"Ndiyo. Wajue kusoma pande zote mbili."

"Na Malogo..." nilianza. Alinisaidia. "Kama ndiye aliyempeleka Malogo wenu, sijui. Inawezekana. Njia ilikuwa moja." Akaegemea fimbo yake. "Kwangu alikuwa babu mwema. Alinibeba mgongoni, akanipa asali, na siku aliyokufa nililia mpaka nikaugua. Hilo usiliandike. Si la ukuta."

Mimi nililia, sioni aibu kusema. Nililia kwa ajili ya Malogo na kwa ajili yake pia, nikakasirika kwamba naweza kuwalilia wote wawili. Nikaketi chini ya ukuta, brashi mkononi. Yeye hakulia. Aligonga fimbo yake chini, mara moja, na ikawa ni darasa la sita tena.

"Uliniuliza zamani, nikakwambia ukae chini," alisema. "Sasa simama uandike."

Nikasimama, nikaandika. Jina la tano, upande wa kushoto, herufi za kiberiti kama za gavana, na mbele yake: mnyapara. Aliniuliza kama limenyooka. Nikamwambia limenyooka. Akaweka kiganja juu yake kabla sijamzuia, rangi ikamshika, na hakuipangusa. Alirudi nyumbani na mjukuu wake, mkono ule ameuinua kidogo ili usiguse khanga.

Yeye bado yupo Makole, haoni tena, na ukimwamkia anakutambua kwa sauti. Nimeandika kurasa zote hizi bila kumtaja, kwa sababu jina lake la ukoo ndilo hilo la tano. Alilitaka pale tu, likitazamana na watu sitini na wawili wenye mizigo. Anayelihitaji aende akalisome.